Mgonjwa wetu amewekewa mashine: ni mashine ipi?



Ipo sentensi moja fupi ambayo ikishatamkwa kwenye simu, nyumba nzima hubadilika: "Mzee amewekewa mashine." Hapo hapo kina mama huketi chini, vijana huanza kuulizana nauli, na wapo wanaokwenda mbali zaidi wakaanza kunong'onezana habari za sanda. Hofu hiyo haikuzuka bure. Wengi wetu tulilisikia neno hilo kwa uzito wake katika miaka ya 2020 na 2021, wakati wa maradhi ya korona, na tangu hapo mashine na mauti yamekuwa kama mapacha katika masikio ya watu.

Lakini neno "mashine" katika ulimi wetu limebebeshwa vitu vitatu vilivyo mbalimbali. Asiyeweza kuvitenganisha huenda akakata tamaa mahali pa kutumaini, au akatulia mahali pa kuwa macho. Juma hili, in shaa Allah, tutavitenganisha vitu hivyo, kisha tukae zaidi na kimoja kati yake: mashine inayomsaidia mgonjwa kupumua kupitia barakoa, bila mpira wowote kuingizwa kooni. Hiyo ndiyo ambayo jamaa wa mgonjwa wana nafasi kubwa ya kuisaidia ifanye kazi, au ya kuiharibia bila kukusudia.

MASHINE TATU KATIKA NENO MOJA

Kitu cha kwanza ni oksijeni peke yake. Mgonjwa huwekewa mpira mwembamba puani, au barakoa nyepesi ya plastiki, iliyounganishwa na mtungi au na chombo kinachochuja oksijeni kutoka katika hewa. Hewa avutayo huwa na oksijeni nyingi zaidi, lakini kazi ya kuvuta na kutoa pumzi hubaki kuwa yake mwenyewe.

Kitu cha pili ni mashine inayosukuma hewa kwa nguvu kupitia barakoa iliyoubana uso vizuri, na kufungwa kwa mikanda nyuma ya kichwa. Mgonjwa huyu yu macho, husikia, huitikia salamu kwa mkono au kwa kichwa, na hukohoa mwenyewe. Kwa kuwa hakuna kinachoingizwa mwilini, matabibu huiita njia hii usaidizi wa kupumua usioingilia mwili. Wauguzi wodini hutaja zaidi majina ya mkato ya mashine zake, CPAP na BiPAP.

Kitu cha tatu ni mashine ya chumba cha wagonjwa mahututi. Hapo mgonjwa hulazwa kwa dawa ya usingizi, mpira ukapitishwa kinywani hadi ndani ya koo la hewa, na mashine ikashika kazi yote au sehemu kubwa ya kazi ya kupumua.

Basi mtu akikupigia simu na kukuambia kuwa mgonjwa wenu amewekewa mashine, swali la kwanza na liwe hili: je, yu macho na amevaa barakoa, au amelazwa usingizi na ana mpira mdomoni? Jawabu la swali hilo hukwambia mengi kuliko neno mashine lenyewe.

KIFUA KINA KAZI MBILI

Ili tufahamu barakoa hii inafanya nini, tukumbuke kwamba kila pumzi ina kazi mbili. Ya kwanza ni kuingiza oksijeni katika damu. Ya pili, ambayo wengi huisahau, ni kuitoa nje hewa ya ukaa ambayo mwili umeizalisha. Mtu mzima aliyetulia huvuta pumzi kati ya mara 12 na 20 kwa dakika, wala hahisi kazi yoyote. Lakini njia za hewa zikiwa zimeziba, au mapafu yakiwa yamejaa maji, au misuli ya kifua ikiwa imedhoofika, kila pumzi hugeuka kuwa mzigo. Mgonjwa huinua mabega, hupanua pua, huketi akiwa ameinama mbele, na hawezi kumaliza sentensi moja bila kukatika.

Mwili hustahimili hali hiyo kwa saa kadhaa, kisha huchoka. Misuli ikichoka, hewa ya ukaa hubaki katika damu na kuifanya damu iwe na asidi. Mgonjwa huanza kusinzia, huzungumza maneno yasiyoeleweka, mikono hutetemeka, na hatimaye hawezi kuamshwa. Hapa ndipo jamaa wengi hudanganyika. Waliokuwa wakimwona akihangaika usiku kucha humwona alfajiri ametulia, wakasema Alhamdulillah amepata usingizi. Utulivu wa mtu aliyekuwa akihema na sasa hazinduki si nafuu hata kidogo. Mwite muuguzi pale pale.

Oksijeni peke yake husaidia kazi ya kwanza, lakini haisaidii kazi ya pili. Mashine ya barakoa husaidia zote mbili. Ile iitwayo CPAP hupuliza hewa kwa mgandamizo mmoja usiobadilika, na mgandamizo huo huvizuia vifuko vidogo vya mapafu visifumbe na huzishikilia njia za hewa zibaki wazi. Ile iitwayo BiPAP ina migandamizo miwili: mkubwa mgonjwa anapovuta, mdogo anapotoa. Mgonjwa anapoanza kuvuta, mashine huhisi na kumsukumia hewa, kama mtu anayemsukuma mwenzake mgongoni wakati wa kupanda kilima. Miguu ni ya mpandaji, lakini mzigo umegawanywa.

ILIKOTOKA NJIA HII

Fikra ya kusaidia pumzi bila kumtia mtu mpira kooni ni ya zamani kuliko tunavyodhani. Mwaka 1928, mjini Boston nchini Marekani, Philip Drinker na Louis Shaw walitengeneza sanduku kubwa la chuma ambamo mgonjwa wa polio alilazwa mwili mzima, kichwa kikabaki nje. Hewa ndani ya sanduku ilipopunguzwa, kifua kilipanuka na pumzi ikaingia. Mwaka 1952 polio ilipoushambulia mji wa Copenhagen, masanduku hayo hayakutosha. Daktari Bjørn Ibsen alishauri wagonjwa watobolewe koo na kupuliziwa hewa kwa mifuko ya mpira, na wanafunzi wapatao 1,500 walipokezana zamu za kuibonyeza mifuko hiyo kwa mikono, usiku na mchana. Vifo vilipungua sana, na tangu hapo mpira wa kooni ukawa ndiyo njia kuu.

Ila mpira una gharama yake. Huhitaji dawa za usingizi, hufungua mlango kwa vijidudu vya nimonia, na mgonjwa mwenye mapafu mabovu huweza kukaa siku nyingi bila kuachishwa mashine. Ndipo matabibu wakarudi kutafuta njia ya nje. Mwaka 1971, George Gregory na wenzake wa San Francisco walionyesha kuwa mgandamizo wa hewa usiobadilika huwaokoa watoto wachanga wenye mapafu machanga. Mwaka 1981, Colin Sullivan wa Sydney aliutumia mgandamizo huo kupitia puani kwa watu wazima ambao koo lao hujifunga usingizini.

Ushahidi mkubwa kuhusu watu wazima ulifuata baadaye. Mwaka 1995, Laurent Brochard na wenzake walitangaza matokeo ya wagonjwa 85 wa hospitali kadhaa za Ulaya, waliokuwa na ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa uliozidi ghafla. Katika waliopata matibabu ya kawaida peke yake, asilimia 74 walihitaji mpira wa kooni na asilimia 29 walifariki hospitalini. Waliovishwa barakoa, waliohitaji mpira walikuwa asilimia 26 na waliofariki asilimia 9. Mwaka 2000 uchunguzi mwingine wa wagonjwa 236 katika hospitali 14 nchini Uingereza ulionyesha jambo lenye faida zaidi kwa nchi kama zetu: barakoa ilitumika katika wodi za kawaida, si chumba cha mahututi, ikiendeshwa na wauguzi waliofundishwa, na vifo vikapungua kutoka asilimia 20 hadi asilimia 10.

NI NANI INAYEMFAA?

Wa kwanza ni mgonjwa wa njia za hewa zilizoziba kwa muda mrefu. Wengi humfikiria mvuta sigara, na ni kweli. Lakini katika nyumba zetu yupo pia mama aliyekaa miaka 40 mbele ya jiko la kuni au la mkaa katika chumba kisicho na dirisha, ambaye hakuwahi kuigusa sigara maishani mwake. Mapafu hayaulizi moshi umetoka wapi.

Wa pili ni mgonjwa wa moyo ambaye mapafu yake yamejaa maji ghafla, akawa anahema kama aliyezama. Uchunguzi wa Uingereza wa mwaka 2008, uliohusisha wagonjwa zaidi ya 1,000, ulionyesha kuwa barakoa huiondoa adha ya kuhema kwa haraka zaidi kuliko oksijeni ya kawaida, ingawa idadi ya vifo katika juma la kwanza haikutofautiana. Kwa hiyo mgonjwa huyu bado anahitaji dawa za moyo na za kutoa maji.

Wa tatu ni mwenye udhaifu wa misuli au kifua kilichopinda, ambaye hushindwa kupumua vyema hasa usiku. Wa nne ni mtoto mchanga aliyezaliwa kabla ya wakati, ambaye tutamrejea.

Kwa mgonjwa wa nimonia kali au wa shambulio kali la pumu, tabibu huwa na tahadhari zaidi, kwani barakoa huweza kumchelewesha mtu aliyehitaji mpira mapema. Wala haimfai aliyepoteza fahamu kiasi cha kushindwa kuilinda njia yake ya hewa (isipokuwa kwa uamuzi maalumu wa tabibu), anayetapika mfululizo, aliyeumia au kuungua vibaya usoni, mwenye hewa iliyovuja nje ya pafu ambayo haijatolewa, au aliyesimama kupumua kabisa. Kwa hiyo ukiona mgonjwa wa kitanda cha jirani amewekewa barakoa na wako hakuwekewa, usifanye haraka kudhani kuna upendeleo.

SAA YA KWANZA

Saa ya kwanza ndiyo ngumu kuliko zote. Fikiria mtu anayepigania pumzi, halafu unamfunika pua na mdomo na kumpulizia upepo wa nguvu. Jambo la kwanza analotaka kufanya ni kuing'oa. Muuguzi mjuzi hafungi mikanda kwa haraka. Humketisha mgonjwa akiwa ameinuka, humweleza, humshikia barakoa usoni kwa mkono hadi azoee, huanza na mgandamizo mdogo, kisha huupandisha hatua kwa hatua. Ndipo hufunga mikanda, na huikaza kiasi cha kuzuia hewa isivuje sana, si kiasi cha kuukata uso.

Hapa jamaa mmoja aliyetulia ana thamani kubwa. Mshike mkono, mwambie kwa sauti ya chini: "Baba, usishindane nayo. Ikivuta nawe vuta, ikiachia nawe achia." Sauti anayoijua humtuliza kuliko amri kumi za mgeni. Lakini jamaa wanane waliokizunguka kitanda, kila mmoja akisema lake na mmoja wao akilia, humwongezea hofu, na hofu humwongezea kuhema. Chagueni mmoja au wawili wa kupokezana, wengine waketi nje.

Katika saa hiyo na zinazofuata, tabibu huangalia idadi ya pumzi, mapigo ya moyo, ufahamu, na kipimo cha oksijeni cha kidoleni. Penye uwezo, huchukuliwa damu ya mshipa wa ateri, hasa baada ya saa moja na tena baada ya saa nne hadi sita, kuona kama asidi imepungua. Ikiwa nafuu haionekani katika muda huo, kuendelea tu kwa matumaini si subira. Ni kumpotezea mgonjwa wakati wake.

HURUMA TATU ZINAZODHURU

Yapo mambo matatu ambayo jamaa huyafanya kwa mapenzi, na kila moja laweza kumwua mgonjwa.

La kwanza ni kuifunua barakoa kwa siri ili kumlisha. Uji, mchuzi, chai, maji ya Zamzam, kijiko cha asali na habbat soda: vyote hivi ni neema vikipita njia yake. Lakini mtu anayehema akinyweshwa, kisha barakoa ikarudishwa na upepo ukampuliza, kile kilichobaki kinywani husukumwa ndani ya mapafu. Chakula chake kina wakati wake, naye muuguzi ndiye atakayesema ni lini, akiwa ameketi wima na ametulia.

La pili ni kuizungusha swichi ya oksijeni ili "apate zaidi". Mgonjwa wa njia za hewa zilizoziba kwa muda mrefu huongozwa kwa kiwango maalumu, aghalabu asilimia 88 hadi 92 katika kipimo cha kidoleni. Akipandishwa hadi 100, hewa ya ukaa huweza kuzidi kujikusanya katika damu yake, akasinzia na asiamke. Namba kubwa kwenye kioo si lazima iwe habari njema.

La tatu ni kuiondoa barakoa kwa sababu "anateseka, mwacheni apumzike." Katika siku ya kwanza barakoa hutakiwa kukaa muda mrefu iwezekanavyo, ikiondolewa kwa mapumziko mafupi ya dawa, kinywaji na kusafisha kinywa. Ikimchubua juu ya pua, ikipuliza machoni, au tumbo likijaa hewa, mwambie muuguzi. Kila moja ya adha hizo ina dawa yake: kipande laini cha kulinda ngozi, barakoa ya ukubwa mwingine, mkanda kulegezwa kidogo.

Ipo hali moja tu ambayo jamaa hapaswi kusubiri: mgonjwa akianza kutapika ndani ya barakoa. Ivuteni itoke, mgeuzeni ubavu, huku mkipiga kelele ya kuita msaada. Kwa sababu hiyo mwombeni muuguzi siku ya kwanza awaonyeshe jinsi mikanda inavyofunguliwa.

NDEVU, MTANDIO NA SALA

Wasomaji wetu wana mambo yao ambayo si vibaya kuyasema wodini kwa adabu. Mzee mwenye ndevu nyingi huweza kuvujisha hewa pembeni mwa barakoa. Hospitali yenye uzoefu hujaribu kwanza barakoa ya umbo jingine, au ile inayoufunika uso mzima. Ikionekana kuwa kupunguza ndevu ndiyo njia pekee iliyobaki, mgonjwa mwenyewe aelezwe na aulizwe maadamu yu macho, asishtukizwe. Mwanamke aliye na barakoa anaweza kufunikwa nywele kwa mtandio mwepesi usio na pini, uliolegea, baada ya mikanda kufungwa. La kuzingatia ni kuwa kwenye barakoa au kwenye bomba lake huwa na vitundu vidogo vinavyotoa hewa chafu. Vitundu hivyo visifunikwe kamwe, si kwa nguo wala kwa shuka.

Ama sala, dini yetu haikumbebesha mgonjwa asiloliweza. Anayeshindwa kusimama husali ameketi, anayeshindwa kuketi husali amelala, na anayeshindwa kurukuu na kusujudu hufanya kwa ishara. Anayedhuriwa na maji ana tayamamu, na maswali ya kina yaulizwe kwa wanavyuoni. Funga nayo ina ruhusa yake kwa mgonjwa. Mtu wa hali hii asilazimishwe na jamaa, wala asijilazimishe mwenyewe, kuacha dawa mchana wa Ramadhani.

WATOTO WACHANGA NA FUNZO LA MALAWI

Kwa watoto mashine hii huwa rahisi zaidi kwa umbo. Hewa yenye oksijeni hupitishwa puani kwa mirija midogo, na ncha ya mrija wa kutolea hewa huzamishwa katika chupa ya maji. Kina cha maji ndicho kinachopima mgandamizo: ukizamishwa sentimita tano, mgandamizo ni sentimita tano za maji, na mapovu yanapotokota mama huona kwa macho kuwa hewa inapita. Katika hospitali kuu ya Queen Elizabeth mjini Blantyre, Malawi, uchunguzi uliotangazwa mwaka 2014 ulionyesha kuwa watoto wachanga wenye shida kubwa ya kupumua waliowekewa chombo cha namna hiyo walinusurika kwa asilimia 71, ilhali wenzao waliopewa oksijeni ya puani peke yake walinusurika kwa asilimia 44. Mjini Dhaka, Bangladesh, Dakta Mohammod Jobayer Chisti na wenzake walikitengeneza kwa mirija na chupa ya plastiki iliyokuwa ya shampuu. Mwaka 2015 walitangaza kuwa katika watoto wa chini ya miaka mitano wenye nimonia kali, vifo vilikuwa asilimia 4 kwa waliotumia chombo hicho, na asilimia 15 kwa waliopata oksijeni ya kawaida.

Habari hizo zilifurahisha wengi. Lakini mwaka 2019 yalitoka matokeo mengine ya Malawi, safari hii ya watoto 644 wenye nimonia kali na matatizo mengine ya kiafya, katika hospitali ya wilaya ambako huduma iliendeshwa bila usimamizi wa daktari wa kila siku. Waliowekewa chombo walifariki asilimia 17, na waliopewa oksijeni ya kawaida asilimia 11. Kifaa kilikuwa cha jamii ile ile, na hewa ni ile ile. Watoto hawa walikuwa wengine, wenye udhaifu mwingine, na walikuwa mahali ambapo macho ya kuwaangalia yalikuwa machache.

Hili ni funzo kwa wale wenye uwezo katika jamii yetu wanaopenda kutoa sadaka ya mashine hospitalini. Ni jambo jema sana. Lakini kabla ya kununua, ulizeni: nani ataiendesha usiku wa manane? Amefundishwa? Barakoa na mirija ya akiba ipo? Umeme ukikatika pana nini? Huenda sadaka iliyo bora ni kumlipia muuguzi mafunzo, ingawa muuguzi haandikwi jina la mfadhili ubavuni.

IKIWA BARAKOA HAITOSHI

Sasa tuje kwenye jambo ambalo familia nyingi hulikimbia. Barakoa huwasaidia wengi, si wote. Wapo ambao baada ya saa chache itadhihirika kuwa wanahitaji mpira wa kooni. Wapo wengine, wazee waliodhoofishwa na maradhi ya miaka mingi, ambao matabibu wataona kuwa mpira hautawarudishia maisha, na kwamba barakoa ndiyo hatua ya mwisho yenye faida kwao. Uamuzi huu ukiachwa hadi saa tisa usiku, ndugu mmoja akiwa wodini na wanne wakigombana kwenye simu, hauwezi kuwa uamuzi mwema.

Ombeni kukaa na daktari mapema, siku ile ile barakoa inapowekwa, mkiwa na msemaji mmoja wa familia, na mumuulize maswali manne. Tatizo la mgonjwa wetu ni lipi hasa? Tutajua baada ya muda gani kuwa barakoa inamfaa? Isipofaa, hatua inayofuata ni ipi, na ina faida gani kwake? Nani atakuwa akimwangalia usiku? Ulizeni na gharama pia, kwani si aibu. Na kwa kuwa mgonjwa wa barakoa yu macho, basi aulizwe mwenyewe. Ni jambo la kusikitisha kuona watoto wakibishana juu ya matakwa ya baba yao ilhali baba anawasikia, ana akili zake timamu, na hakuna aliyemgeukia. Kutafuta tiba ni wajibu wetu kwa wazee wetu, na kuwasikiliza ni sehemu ya wajibu huo.

MKIRUDI NYUMBANI

Baadhi ya wagonjwa hurejea nyumbani na mashine ya kutumia usiku, au na oksijeni. Hapo pana hatari moja ambayo katika nyumba za pwani haisemwi vya kutosha. Oksijeni huufanya moto ushike kwa kasi ya ajabu. Chumba cha mgonjwa huyo kisifukizwe udi wala ubani, kisiwashwe mshumaa, kisiingizwe jiko, na asiyeweza kuacha sigara avutie mbali na nyumba. Barakoa ioshwe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kila siku, ikaushwe kivulini.

Na kwa walio wazima bado, tiba iliyo nafuu kuliko zote ipo jikoni. Jiko litolewe nje au lipelekwe penye upepo, dirisha lifunguliwe, watoto wachanga wasibebwe mgongoni mbele ya moshi. Mwenye kikohozi cha muda mrefu apimwe, asizoee kukiita kikohozi cha uzee. Mwenye presha au moyo asiache dawa kwa kuwa leo anajisikia vizuri.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu wote, na awape subira na busara wanaokesha nao. Tukutane juma lijalo, in shaa Allah.

Wabillahi tawfiq.